Kabla ya Kuhesabu Mashamba: Jinsi ya Kutambua na Kupima Shamba kwa Ajili ya Takwimu

Mama mmoja wa milimani, Upare, aliniambia ana mashamba matano. Orodha ya kijiji ilionyesha ana moja. Nilipomaliza dodoso langu nami niliandika moja, ila moja langu na moja la kijiji hayakuwa kitu kimoja. Kijiji kilihesabu kipande chenye hatimiliki ya kimila, kile cha migomba kinachoizunguka nyumba, kama robo ekari hivi. Mimi nilihesabu ardhi yote anayoiendea alfajiri na jembe begani, pamoja na ng'ombe wa shemeji yake aliyefungwa bandani kwake.

Neno letu "shamba" limebeba mengi. Ni ardhi, ni kazi, ni mali, na mtu akisema "naenda shamba" anaweza kuwa na maana ya kwenda kijijini kwao tu. Katika mazungumzo hilo halina tatizo. Katika takwimu linaharibu kila kitu, kwa sababu mbegu za ruzuku, skimu za umwagiliaji na hesabu ya chakula cha nchi hupangwa kwa kufuata idadi hiyo. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mdadisi anayeingia kijijini kwa mara ya kwanza, mwanafunzi anayefanya utafiti wake, na afisa ugani anayetakiwa kupeleka taarifa wilayani. Mifano mingi ni ya Tanzania, ninakokujua.

Hatua ya 1: Shika tafsiri moja kabla hujatoka ofisini

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ndilo linaloongoza programu ya dunia ya sensa za kilimo, kazi iliyoanza na mzunguko wa mwaka 1930 chini ya taasisi ya kilimo iliyokuwa Roma kabla FAO haijazaliwa. Tafsiri yake, kwa maneno yangu, ni hii: shamba ni uzalishaji wa kilimo ulio chini ya uendeshaji mmoja, pamoja na mifugo yote na ardhi yote inayotumika kwa kilimo, iwe yote au sehemu yake, bila kujali hati, aina ya umiliki wala ukubwa. Ardhi hiyo inaweza kuwa vipande vingi, hata katika vijiji au wilaya tofauti, mradi vinatumia nguvu kazi, zana na wanyama kazi walewale.

Isome tena taratibu. Hakuna neno linalosema shamba ni lazima limilikiwe na anayelilima. Wala hakuna linalosema ni lazima liwe na ardhi: mtu mwenye banda la kuku mia tatu uani, asiye na hata tuta la mchicha, ana shamba.

Kila nchi huweka kiwango cha chini cha kuingia katika hesabu. Sensa za kilimo za Tanzania zimetumia kiwango hiki: kaya ni ya kilimo ikiwa katika mwaka wa kilimo ililima angalau mita za mraba 25, au ilikuwa na au kufuga angalau ng'ombe mmoja, au mbuzi, kondoo au nguruwe watano, au kuku, bata au bata mzinga hamsini. Mita za mraba 25 ni mita 5 kwa 5, eneo la sebule tu. Kiwango kimeshushwa hivyo kwa makusudi, ili anayelima bustani ndogo ya kulishia watoto naye aonekane.

Sasa angalia Marekani. Huko, tangu sensa ya mwaka 1974, shamba ni mahali popote palipozalisha na kuuza mazao au mifugo ya dola 1,000 au zaidi katika mwaka wa sensa, au ambapo kwa kawaida pangeuza kiasi hicho. Kipimo chao ni thamani ya fedha, chetu ni ardhi na vichwa vya mifugo. Sensa yao ya mwaka 2022 ilipata mashamba 1,900,487. Mtu akikuwekea idadi hiyo kando ya idadi ya kaya za kilimo za Tanzania na kuanza kulinganisha, mwambie asimame kwanza. Anapima maji kwa kilo na unga kwa lita. Robo ekari ya mama yule, yenye ndizi za kula nyumbani na kahawa ya debe moja, kwao huenda isihesabike kabisa.

Kwa hiyo andika juu ya karatasi yako ya kwanza mambo haya: tafsiri unayoitumia, kiwango cha chini, na mwaka wa kilimo. Mwaka wa kilimo kwetu ni kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Septemba. Sensa ya 2019/20, kwa mfano, iliangalia tarehe 1 Oktoba 2019 hadi 30 Septemba 2020. Ukiuliza "mwaka jana ulivuna nini?" bila kutaja tarehe, mmoja atakujibu vuli, mwingine masika, na wa tatu atachanganya masika mbili.

Hatua ya 2: Ifikie kaya kwa heshima

Pita kwa mtendaji wa kijiji, kisha mwenyekiti wa kitongoji, na uongozane na mtu anayefahamika. Kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Mwanamume mwenye wake wawili wenye majiko mbalimbali ana kaya mbili hapo, na kila moja ina dodoso lake. Kosa hili hufanywa sana, na hasara yake huangukia mke ambaye mume hakulala kwake siku hiyo.

Amkia vizuri. "Shikamoo mama, poleni na kazi" hufungua mlango kuliko kitambulisho. Halafu eleza kwamba majibu ya mtu mmoja mmoja ni siri, na kwamba Sheria ya Takwimu inakataza kuyatoa kwa jina lake. Sema hivyo ukimaanisha. Wazee wengi wanaikumbuka kodi ya kichwa, na mfugaji yeyote anaona swali la idadi ya ng'ombe kama swali la fedha zilizoko benki.

Hatua ya 3: Mtafute anayeendesha, umwache mwenye hati

Hapa ndipo takwimu hufa au hupona, na tafsiri ikikosewa hapa, GPS ya bei yoyote haitakuokoa baadaye. Usiulize "Una mashamba mangapi?" wala "Unamiliki ardhi kiasi gani?" Uliza hivi: "Tangu Oktoba ya mwaka juzi hadi Septemba ya mwaka jana, mmelima wapi na wapi, hata kama ardhi si yenu?" Kisha, kwa kila mahali atakapopataja: "Nani anayeamua palimwe nini na lini?"

Ngoja nimchukue mama yule wa Upare. Alinitajia sehemu tano:

Ya kwanza ni pale nyumbani, migomba na kahawa. Ya pili iko tambarare, ameikodi kwa mwaka, analima mahindi na maharage. Ya tatu ni ya kaka yake aliyehamia Dar es Salaam. Anailima bure ili isivamiwe. Ya nne ni jaruba la mpunga katika skimu ya umwagiliaji, analima nusu kwa nusu na mwenye jaruba. Ya tano ni urithi wake halali kutoka kwa baba yake, lakini amemkodisha jirani.

Nne za kwanza ni za shamba lake. Ile ya tano, ambayo kisheria ndiyo yake kabisa, inaingia katika shamba la jirani anayeilima. Watu hupata taabu kulikubali hili, na mama mwenyewe hakufurahi kuona nimeikata. Nilimweleza kwamba sikumnyang'anya urithi; swali la umiliki lina ukurasa wake, na huko imeandikwa kwa jina lake. Lakini kama ningeihesabu kwake, na mdadisi mwenzangu akaihesabu kwa jirani, ekari ileile ingeingia mara mbili katika jumla ya mkoa.

Ndani ya kaya moja nako kuna watu. Mume anaweza kusimamia mahindi, mke akawa na bustani yake ya mboga, na kijana akawa na vitunguu vyake bondeni. Kwa kaya, shamba ni moja. Hata hivyo, kwa kila kipande andika jina la anayeamua. Usipofanya hivyo, kila kitu kitaandikwa kwa mkuu wa kaya, na bustani ya mke, inayolisha nyumba miezi ya njaa, itasomeka kama ya mumewe.

Hatua ya 4: Gawa shamba katika vipande, na kipande katika maeneo ya mazao

Kipande ni ardhi yenye aina moja ya umiliki iliyozungukwa pande zote na kitu kingine: ardhi ya mtu mwingine, barabara, mto, msitu. Ndani ya kipande kuna maeneo ya mazao: hapa mihogo, pale mahindi na kunde. Chora ramani ya mkono kwenye daftari, mwombe mwenyeji akusahihishe, upe kila kipande namba na kila eneo la zao herufi. Kipande cha 2, eneo A. Mchoro huu hauchukui dakika kumi, na utakuokoa siku ya kupima utakaporudi na kukuta mahindi yameshavunwa na mipaka imepotea.

Hatua ya 5: Pima, na usiamini "ekari"

Uliza kwanza mkulima anakadiria kiasi gani, uandike, kisha upime. Usibadilishe makadirio yake baada ya kupima. Namba zote mbili zina kazi. Tafiti zilizolinganisha makadirio ya wakulima na vipimo vya GPS, pamoja na zilizofanyika nchi za Afrika Mashariki, zimeonyesha mwelekeo uleule: vipande vidogo hutajwa kuwa vikubwa kuliko vilivyo, na vikubwa hutajwa kuwa vidogo. Tena watu hukadiria kwa namba za mviringo, nusu, moja, mbili, tano. Nadra umsikie mtu akikwambia "ekari moja na sehemu tatu za kumi".

Chanzo kingine cha tofauti kiko miguuni. Tunafundishwa kwamba ekari ni hatua 70 kwa 70. Kanuni hii ina msingi: ekari ni yadi za mraba 4,840, na 70 mara 70 ni 4,900. Kwa hiyo inakaribia sana usahihi, mradi kila hatua iwe yadi nzima, yaani sentimita 91. Sasa toka nje, tandaza futi kamba ya mita 50, utembee mwendo wako wa kawaida ukihesabu. Mimi hupata hatua 66, kwa hiyo hatua yangu ni kama sentimita 76. Hatua zangu 70 ni mita 53. Mita 53 kwa 53 ni mita za mraba 2,809, na ekari ni mita za mraba 4,047. "Ekari" yangu ya miguu ni ekari 0.7 tu. Kwa upande mwingine, wapo wanaosema ekari ni mita 70 kwa 70. Hiyo ni mita za mraba 4,900, ekari 1.2.

Kipande cha tambarare cha mama yule kilikodishwa kama ekari 2. GPS ilitoa 1.4. Alikuwa analipa kodi ya ekari mbili kwa hatua za mwenye shamba. Sikuwa na mamlaka ya kumwambia afanye nini, ila aliiona namba kwenye kioo, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba niiandike kwenye karatasi yake mwenyewe.

Ukitumia GPS ya mkononi au kishikwambi, fanya hivi. Simama kwenye kona moja, weka alama ya kijiti au jiwe, na usubiri kifaa kipate satelaiti za kutosha, angalau nne na ikiwezekana zaidi; chini ya miti mikubwa itabidi uvumilie. Tembea mpakani hasa, ukiongozwa na mwenyeji, kwa mwendo usiobadilika, na kifaa ukiwa umekishika mbele yako juu ya usawa wa kifua. Kwenye kila kona simama kidogo. Rudi hadi kwenye kijiti chako ndipo ufunge mzunguko. Usikate kona kwa sababu kuna miba: kona iliyokatwa ni ardhi iliyofutwa.

GPS ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa. Kwenye ekari tano hilo halisikiki. Kwenye bustani ya mita 10 kwa 10 linaharibu jibu lote, kwa hiyo vipande vidogo pima kwa futi kamba. Njia rahisi isiyohitaji dira ni kukigawa kipande katika pembetatu na kupima pande zote tatu za kila moja. Kipande cha nyumbani cha mama kilikuwa pembetatu tupu kati ya njia mbili na korongo: mita 40, 50 na 60. Jumlisha, unapata 150. Nusu yake ni 75. Toa kila upande kwenye 75: 35, 25, 15. Zidisha 75 × 35 × 25 × 15, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni mita za mraba 992, ekari 0.245. Robo ekari kweli, kama kijiji kilivyosema. Hilo walilipatia.

Ukipima kwa futi kamba na dira, pande zote zikichorwa zinatakiwa zikutane mahali ulipoanzia. Pengo likizidi asilimia 5 ya mzunguko wote, rudia kazi.

Neno moja kuhusu milima. Eneo la takwimu ni eneo la ramani, yaani la bapa. Futi kamba iliyolazwa juu ya mteremko wa nyuzi 30 ikisoma mita 50, umbali wa bapa ni mita 43 tu. Upare, Usambara, Uluguru na Rungwe jambo hili si dogo. Inua futi kamba iwe mlalo, pima vipande vifupi vifupi, na ushuke kama unayeshuka ngazi.

Hatua ya 6: Mazao mchanganyiko na misimu

Ekari moja yenye mahindi na maharage ndani yake: je, ni ekari moja ya mahindi na moja ya maharage? Kama unajumlisha ardhi, ni ekari moja. Andika eneo mara moja, taja kwamba ni mchanganyiko, kisha kadiria na mkulima kila zao limechukua sehemu gani, robo, nusu, robo tatu.

Kwenye maeneo ya vuli na masika, ekari ileile ikilimwa mara mbili ni ekari moja ya ardhi lakini ni ekari mbili zilizopandwa. Zote mbili ni takwimu halali, zenye majina tofauti, na zinatakiwa zikae kwenye safu tofauti. Nimewahi kuona jedwali ambamo eneo lililopandwa lilikuwa kubwa kuliko ardhi yote inayolimika, na wasomaji wakadhani ni uongo. Haukuwa uongo, kichwa cha safu ndicho kilichokosekana.

Miti hesabu kwa idadi. Unguja na Pemba hili ni la lazima, maana huko mikarafuu au minazi inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Uliza mingapi ipo, na mingapi kati ya hiyo inazaa.

Hatua ya 7: Mavuno

Gunia si kipimo mpaka ulipime. Kuna gunia la debe sita, la debe saba, na kuna lumbesa iliyoshonewa kofia juu. Beba mizani ya kuning'iniza, pima debe moja la zao lenyewe mbele ya mkulima, kisha uulize gunia lake hujaa madebe mangapi. Andika pia kama mahindi yamepukuchuliwa au yako kwenye magunzi.

Penye uwezo, kata sampuli shambani: kabla ya mavuno, chagua sehemu kwa namba za bahati nasibu (usichague kwa macho, macho hupenda mahindi mazuri), weka mraba wa mita 5 kwa 5, uvune, ukaushe, upime. Mraba huo ukitoa kilo 6.2, zidisha kwa 400 upate kilo 2,480 kwa hekta, au kama kilo 1,000 kwa ekari.

Hatua ya 8: Mifugo na wakulima wakubwa

Mama yule ana mbuzi watatu, hawafiki kiwango. Lakini anamfuga ng'ombe wa shemeji, na tafsiri yetu inasema kuwa na au kufuga. Huyo ng'ombe peke yake angetosha kumwingiza, hata asingekuwa na ardhi. Hesabu ukiwa bandani, jioni mifugo ikirudi, na kwa shemeji usimhesabu tena.

Mkulima mdogo huishia hekta 20, ng'ombe 50, mbuzi, kondoo au nguruwe 100, au kuku 1,000. Mashamba makubwa, yale ya mkonge, chai, miwa na ranchi, yana dodoso lao na hufuatwa yote badala ya kuchukuliwa sampuli, kwa kuwa ni machache na moja likikosekana hubadilisha sura ya mkoa mzima.

Hatua ya 9: Msomee mkulima ulichoandika

Usifunge kishikwambi kabla ya hili. Soma kipande kimoja kimoja kwa sauti, jina la mahali, ukubwa, zao, nani anaamua. Mtu akisikia shamba lake likisomwa hukumbuka alichokisahau alipokuwa anaulizwa.

Nilimsomea mama vipande vyake vinne. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akaacha.

"Mwanangu, na lile la juu msituni je?"

"Lipi, mama?"

"Lile nililolipumzisha. Mwaka ule sikulilima, ndiyo maana sikulitaja. Mwakani narudi."

Ardhi iliyopumzishwa ni sehemu ya shamba. Nilifungua tena dodoso, tukapanda wote wawili, nikaandika kipande cha 5.